Mtoto akimlilia farasi wa kompyuta, usicheke

Mzazi mwenzangu, leo nakusimulia kosa langu mwenyewe. Wiki nyingi hapa tunawazungumzia wengine, na si haki niwe napona kila siku.

Nyumbani kwetu Buswelu kuna kompyuta mpakato ya zamani. Aliiacha mtoto wa dada yangu aliyekuja Mwanza kwa mafunzo ya vitendo, na alipoondoka alimwachia binti yangu mchezo ndani yake. Binti ana miaka 13, yuko kidato cha kwanza. Nilimruhusu acheze mwisho wa wiki, nikidhani ni mambo ya kupamba nyumba na kuvalisha watu nguo.

Kumbe mle ndani ana zizi.

Mchezo wenyewe unaitwa The Sims 4. Ni mchezo wa kuigiza maisha. Unatengeneza familia, unaijengea nyumba, unawatafutia watu wake kazi, nao wanakula, wanalala, wanaoana na kuzeeka. Sims ya kwanza ilitoka mwaka 2000. Kisha tarehe 20 Julai 2023, kampuni ya Electronic Arts ikatoa nyongeza iitwayo Horse Ranch, ambayo inamwezesha mchezaji kufuga farasi.

Ufugaji wake si wa kutazama tu. Farasi anataka kulishwa, kupigwa brashi na kuzolewa kinyesi. Anafundishwa mambo manne: wepesi, kuruka viunzi, ustahimilivu na utulivu. Ukiwa na dume na jike unaweza kuwazalisha, na kitoto kikizaliwa kinachukua rangi na sura kutoka kwa wazazi wake. Kinakua, kinakuwa farasi mkubwa, halafu mzee. Na mzee hufa.

Hapo ndipo tulipokwama.

Usiku mmoja mwezi wa tano nilisikia kilio chumbani kwa binti. Nilikimbia nikijua ni nge au tumbo. Nikamkuta ameshika kichwa mbele ya kompyuta, na kwenye kioo amesimama mtu wa joho jeusi ameshika mundu mrefu. Moyo ulinilipuka. Ndiyo sura ambayo mchezo huo umempa mauti.

"Mama, Mbula amekufa."

"Mbula nani?"

"Farasi wangu."

Nilicheka, mzazi mwenzangu. Nilicheka kwa sauti, kisha nikakasirika. Nikamwambia, "Unalilia katuni? Machozi hayo ungeyamwaga kwenye hisabati ungekuwa mbali." Nikaizima kompyuta, nikaiweka juu ya kabati. Mume wangu aliniunga mkono, nami nikalala nikijiona nimelea.

Siku tatu mtoto hakuzungumza. Akiulizwa anajibu "Ndiyo mama" na "Hapana mama". Chakula alikichokonoa tu.

Siku ya nne akaja baba yangu kutoka Kwimba, kwa ajili ya kliniki ya macho. Alikuja na kiroba cha michembe, kama kawaida yake. Mtoto alimsalimia shikamoo, akapokea mzigo, akarudi chumbani. Baba akaniuliza, "Huyu ana nini?" Nikamweleza huku nikicheka tena kidogo, nikitegemea mzee wa ng'ombe naye acheke.

Hakucheka. Alimwita mjukuu wake, akamketisha kwenye mkeka, akaanza kumuuliza kama anavyowauliza wafugaji wenzake wakifiwa na mnyama. Alikuwa na rangi gani? Alizaa mara ngapi? Ameacha jike au dume? Nani anamlea huyo mdogo?

Mtoto alifunguka. Alieleza kwamba Mbula alikuwa wa kahawia mwenye doa jeupe usoni, na kwamba alimtafutia dume mweusi mtulivu ili kitoto kisiwe mkali. Baba akamwambia, "Hapo umefanya kazi. Hata mimi fahali huwa namchukua zizi la mbali. Ukizalisha damu moja kwa moja, ndama wanatoka dhaifu."

Kisha akamuuliza, "Mimba yake ilikaa muda gani?"

"Siku chache tu, babu."

Mzee akatabasamu. Alimweleza kwamba ng'ombe hubeba miezi tisa, na farasi wa kweli huchukua karibu miezi 11. Katika muda huo mfugaji anahesabu mvua, majani na wezi. Akamweleza pia kwa nini hajawahi kuona farasi kwa majirani zetu. Ndorobo hueneza ugonjwa wa nagana, ambao humsumbua ng'ombe lakini humwangusha farasi haraka zaidi. Akamsimulia kuwa enzi za mkoloni watu wa Usukuma walitolewa kufyeka mapori ili kumfukuza mdudu huyo. Kwenye kompyuta hakuna ndorobo, wala kupe, wala foleni ya kupeleka ng'ombe josho.

Halafu akauliza swali ambalo mimi sikuuliza. "Jina la Mbula ulilitoa wapi?"

Mtoto aliinamisha uso. "Ni yule ng'ombe wa bibi."

Nikakaa chini.

Mbula kwa Kisukuma ni mvua. Ng'ombe huyo alizaliwa siku ya mvua, na mama yangu ndiye aliyempa jina na kumkamua miaka yote. Binti yangu alikunywa maziwa yake kila likizo. Mama alifariki mwaka jana mwezi wa nane, wiki mbili kabla ya mtihani wa darasa la saba. Sisi watu wazima tulikaa tukakubaliana mtoto asiambiwe, ili asivurugike. Tulimwacha kwa jirani, tukamwambia tunakwenda kwenye kikao cha ukoo. Tukazika. Alipomaliza mtihani nikamwambia. Alisema "Sawa mama", akaenda kuosha vyombo. Nikamsifia kwa ndugu kuwa ni mtoto jasiri.

Baba alinitazama, akasema taratibu, "Huyu hakulia msiba wake. Sasa ameupata."

Tangu siku hiyo nimejifunza mambo ambayo napenda uyachukue, hata kama mwanao hachezi mchezo huu.

La kwanza, mtoto akilia kwa jambo unaloliona dogo, uliza jina. Uliza amemlea muda gani, na alimpendea nini. Maswali mawili matatu yanatosha kukuonyesha kama ni deko au kuna jambo lingine chini yake. Kicheko kinafunga mlango, na kuufungua tena ni kazi. Mimi nilifunguliwa na mzee wa miaka mingi asiyejua kuwasha kompyuta.

La pili, kaa uuone mchezo kabla ya kuukataza au kuuruhusu. Huu kwa Ulaya umewekewa alama ya miaka 12 na kuendelea, na kwa Marekani ni wa vijana wa kuanzia 13. Ndani yake watu wazima wanachumbiana na kulala pamoja, ingawa hakionyeshwi kitu wazi. Kwa mtoto wa darasa la pili haufai. Kwa binti yangu tuliongea, akaona aibu kidogo, tukamaliza.

La tatu ni fedha. Tangu Oktoba 2022 mchezo wenyewe unapakuliwa bure, lakini nyongeza zinauzwa. Hiyo ya farasi ilitoka kwa dola 39.99 za Marekani, yaani karibu laki moja ya kwetu. Ni bei ya kununulia mnyama mwenye miguu minne ya kweli. Bando la kupakua nalo ni jingine. Usimwachie mtoto namba ya siri ya simu, na usiache kadi ya benki imehifadhiwa kwenye mchezo.

La nne ni muda. Binti alikuwa ananiambia, "Mama ngoja, farasi watakufa njaa." Niliamini! Kumbe kuna kitufe cha kusimamisha. Ukikibonyeza, muda wa mle ndani unasimama, na ukihifadhi na kuzima, kesho unawakuta walivyokuwa. Kwa hiyo hakuna farasi anayezuia mtoto kulala saa tatu. Sasa anacheza Jumamosi na Jumapili, saa mbili kila siku, akimaliza kazi zake. Kompyuta inakaa sebuleni.

La tano, mipangilio ya mchezo ina sehemu ya kuzuia kuzeeka. Kama mtoto wako ni mdogo wa moyo au amefiwa karibuni, unaweza kuizima. Nilimpa binti yangu nafasi hiyo. Alifikiri siku nzima, kisha akaniambia aache ilivyo, kwa sababu ng'ombe wa babu nao wanazeeka. Lakini safari hii akaomba jambo moja: mwingine akifa, asiambiwe kuwa ni katuni. Nilikubali.

La mwisho ni zito, na ndilo lililonifanya niandike. Wengi wetu tunawaficha watoto misiba kwa sababu ya mitihani. Tunaamini tunawalinda. Pengine mtihani unapita salama, lakini msiba hauendi popote. Unamsubiri mtoto, na siku utakapomtokea hatakuwa na ndugu wa kulia naye, wala wimbo, wala kaburi. Kama ni lazima umchelewesshe siku mbili tatu, basi baadaye mrudishe palepale, umwombe radhi, na mlie pamoja. Usimsifie ujasiri ambao ni ukimya.

Likizo ya Juni tulikwenda Kwimba. Baba alimpeleka mjukuu wake kaburini, wakiwa wawili tu. Mimi nilibaki jikoni nikijifanya nachochea moto. Nilimsikia akilia, na safari hii sikwenda kumnyamazisha. Baada ya muda nilitoka, nikaenda kukaa karibu naye, na mimi nikalia, kwa sababu ukweli ni kwamba mwaka jana nilikuwa na shughuli nyingi za msiba kuliko msiba wenyewe.

Mbula wa kweli bado yupo. Amezeeka, hatoi maziwa, lakini baba amekataa kumpeleka mnadani. Jioni binti yangu alikwenda zizini akamshika shingo, akamsugua mgongo kwa gunzi la mahindi kama anavyofanya kwa farasi wake kwa brashi. Ng'ombe akatulia.

Mwanao analea nini siku hizi, kwenye simu au kwenye boksi chini ya kitanda? Leo jioni muulize jina lake. Tukutane wiki ijayo.