Kambi za Likizo Zianzie Baharini

Kuwakusanya wavulana kambini kwa michezo wakati wa likizo ni desturi njema, nasi twaiunga mkono. Lakini hapa Visiwani neno kambi likitajwa, fikra zetu hukimbilia Amaan au Gombani, kana kwamba hakuna mchezo ila mpira.

Desturi hiyo ni kongwe. Kambi ya majaribio iliyozaa Skauti ilipigwa na Baden-Powell katika kisiwa kidogo cha Brownsea, kusini mwa Uingereza, tarehe 1 hadi 8 Agosti 1907, katika majira yao ya joto. Wavulana wapatao 20, watoto wa matajiri na wa wafanyakazi, walikaa pamoja, na siku moja ilitengwa kwa mafunzo ya kuokoa maisha.

Sisi tuliozungukwa na maji tumeliachia bahati somo hilo. Vijana wanaochupa baharini jioni pale Forodhani hutudanganya tukadhani kila mtoto wa kisiwani ni muogeleaji. Sivyo. Wako wasioweza hata kuelea chali.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama ikielekea Pemba. Tarehe 18 Julai 2012 ikazama Skagit. Hatudai kwamba kuogelea kungewaokoa wote. Meli ikijazwa kupita kiasi, kosa ni la walioijaza na walioiruhusu ing'oe nanga. Hata hivyo, wako walionusurika kwa kushikilia magodoro mpaka wakafikiwa, na kutulia juu ya maji ni jambo linalofundishika.

Tunapendekeza, basi, kwamba likizo ya Desemba, kaskazi ikivuma, saa za asubuhi kambini ziwe za baharini, penye maji ya kifuani, na siku za bamvua ziepukwe. Mvulana ajifunze kuelea, kisha kuogelea, kisha kumrushia mwenziwe kamba au dumu tupu badala ya kumrukia, maana anayezama humkumbatia mwokozi wake wakazama wote wawili. Mpira utachezwa alasiri.

Wizara zinazohusika na elimu na michezo zisitishwe na gharama. Ufuo upo, madumu yapo, KMKM wana wapiga mbizi, na wavuvi wetu wanayajua maji kuliko kitabu chochote.

Na wasichana? Kambi za namna hii kwa desturi zimekuwa za wavulana, lakini melini hupanda wote. Watengewe ufuo wao na walimu wanawake, likizo hiyo hiyo.