Nati Nyekundu: Wajibu wa Wanakiswahili katika Ukarabati wa Magari ya Kijeshi ya Zamani

Kwa muda mrefu mjadala kuhusu istilahi za Kiswahili umeendeshwa katika kumbi za makongamano na vyumba vya mihadhara. Istilahi za isimu zimeundwa, za fasihi zimejadiliwa, na za kompyuta zimezua ubishi usiokwisha. Karakana ya fundi wa magari, hata hivyo, imeachwa nyuma. Makala haya yanatoa hoja kwamba ukimya huo una gharama, na kwamba gharama yenyewe hudhihirika katika kazi ambayo wengi huiona kuwa burudani ya wachache: kukarabati na kutunza magari yaliyokuwa ya jeshi na sasa ni mali ya raia.

Anayedhani kwamba jambo hili liko mbali na maisha ya mwananchi na aitazame Wamunyu, iliyo kwenye barabara ya kutoka Machakos kwenda Kitui. Wamunyu inasifika kwa vinyago. Mwasisi wa uchongaji huo, Mutisya Munge, aliupata ujuzi wake huko Tanganyika alipokuwa akilitumikia jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza (1914–1918). Aidha, Wakamba wengi walijiunga na King's African Rifles, kikosi ambacho askari wake waliwasiliana kwa aina ya Kiswahili ambayo wanaisimu wameiita KiKAR. Ni dhahiri basi kuwa ufundi unaweza kutoka jeshini ukawa riziki ya raia. Gari la kijeshi linapouzwa kwa mtu binafsi hufuata njia iyo hiyo.

Kuna tofauti moja kubwa, nayo ndiyo kiini cha hoja hii. Uchongaji ulirithishwa kwa jicho na mkono. Mwanafunzi aliketi kando ya mwalimu wake akaiga. Gogo likiharibika huwa kuni. Gari la kijeshi, kwa upande wake, huja na maandishi yake. Shinikizo la upepo wa tairi huandikwa juu ya kila gurudumu. Difu ya nyuma ya magari mengi ya jeshi la Uingereza ilipakwa rangi nyeupe na kuwekewa taa ndogo, ili dereva afuate weupe huo usiku msafara ulipozima taa kubwa. Baadhi ya Landrova zilizotengenezwa kubeba redio zina umeme wa volti 24 badala ya 12, na fundi asiyejua hayo huunguza balbu moja baada ya nyingine. Gari la namna hii ni matini, na anayelikarabati ni kama mhariri wa mswada wa kale: asipojua kusoma alama, atafuta maana akidhani anasafisha uchafu.

Mfano ulio mzito kuliko yote ni wa gurudumu. Jeep za Vita vya Pili vya Dunia na baadhi ya Landrova za kijeshi zilitumia rimu ya vipande viwili vilivyofungwa pamoja kwa nati, tairi likiwa katikati. Rimu hiyo ilimwezesha askari kubadilisha tairi porini bila mashine. Nati za aina mbili hukaribiana: zinazofunga gurudumu kwenye gari, na zinazoshikanisha vipande vya rimu. Fundi akizifungua hizi za pili tairi likiwa na upepo, shinikizo hurusha kipande cha chuma kwa nguvu inayoweza kumuua. Ndiyo maana ilikuwa desturi katika magari ya Kiingereza kuzipaka nati hizo rangi nyekundu. Wekundu huo ulikuwa onyo.

Sasa mwenye gari anataka lipendeze. Rimu nzima inapakwa kijani kipya, na onyo linazikwa chini ya rangi. Maelezo yamebaki kitabuni, na kitabu ni cha Kiingereza. Husemwa kwamba ajali haina kinga. Ajali hii inayo kinga, na kinga yenyewe ni sentensi moja ya Kiswahili: Usifungue nati nyekundu kabla ya kumaliza upepo wote.

Sentensi hiyo ni fupi, lakini kuifikia si rahisi. Mfasiri anayetegemea kamusi pekee anaweza kuiita rimu hii "rimu iliyopasuka", na fundi akaanza kutafuta ufa ambao haupo. Istilahi sahihi inapatikana kwa anayeshika spana. Rajmund Ohly alikwisha kuonyesha njia alipotayarisha kamusi ya awali ya ufundi ya Kiingereza na Kiswahili mwaka 1987. Kazi ya namna hiyo haina budi kuendelezwa mahali ambapo maneno yanatumika.

Wapo watakaodai kwamba mwanafunzi wa Kiswahili hana shughuli na klachi wala giaboksi, na kwamba magari haya ni vyuma chakavu. Dai la kwanza linasahau kwamba Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lugha rasmi isiyoweza kumwonya fundi imepewa cheo bila kazi. Dai la pili linasahau kwamba chuma chakavu chenye tairi lililojaa upepo huua sawasawa na kipya.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vinaweza kuanza na jambo dogo. Wanachama watembelee karakana za miji yao, Wamunyu na Machakos zikiwemo, wakusanye maneno ya mafundi, kisha waandae ukurasa mmoja wa maonyo kwa kila aina ya gari la kijeshi la zamani, wausome mbele ya mafundi wenyewe, waurekebishe, na kuubandika ukutani. Wahadhiri nao wakubali kazi hiyo kuwa utafiti halali wa shahada. Kwa upande wao, wenye magari watunze alama za zamani wanapopaka rangi upya, na nati nyekundu zibaki nyekundu.