Reli ya Mababu Isipimwe kwa Kilo

Jamani, nimechoka na hili neno "chuma chakavu". Kaa kijiwe chochote cha Kasulu au Kibondo, itaje reli, na hatakosekana mjuaji mmoja: eti treni ya umeme ikishafika Kigoma, ile reli ya Mjerumani ing'olewe, ipimwe kwa kilo, watu wagawane chapaa. Washikaji wanacheka, wanaitikia. Na wengine wao ni hawa hawa wanaotuambia wanataka kuwa waandishi!

Hebu tuelewane kwanza. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Ndiyo ya upana wa mita moja. Reli mpya ilianza kubeba abiria Dar hadi Morogoro Juni 2024, na Julai ikafika Dodoma. Mkataba wa kipande cha Tabora–Kigoma ulitiwa saini Desemba 2022, na kile cha Uvinza–Musongati kwenda Burundi kilizinduliwa Agosti 2025. Fungua ramani, tazama kati ya Uvinza na Musongati kuna nini. Kuna Kasulu! Sisi wa nyanda za juu, ambao miaka yote tumeiachia Kigoma mjini lile jina la "mwisho wa reli", safari hii tumo. Sipingi, na nani apinge? Nauliza tu: siku mizigo na abiria wote wakihamia treni mpya, reli ya zamani itakula nini?

Maana hata ilipokuwa peke yake ililala njaa. Mwaka 2007 ilikodishwa kwa RITES ya India, wenye hisa asilimia 51. Mwaka 2011 serikali ikaichukua tena. Katikati yake, Desemba 2009, mafuriko yakaivunja vibaya kati ya Kilosa na Gulwe. Reli ni kama ng'ombe, hata isipokamwa inakula. Mataruma, madaraja, walinzi, kufyeka nyasi. Kwa hiyo na wale wanaosema "tuifanye ya makumbusho, watalii watajaa" wanatuzuga. Uingereza zina reli za aina hiyo zaidi ya mia moja, na nauli peke yake haiziweki mjini. Tangu mgodi wa Ffos-y-fran kule Wales ulipofungwa mwaka 2023, hata makaa ya kuchoma kwenye injini za moshi imebidi yatoke ng'ambo. Wanaishi kwa mgahawa, kwa duka, kwa kukodisha stesheni kwa wapiga filamu, na kwa watu wanaofanya kazi bure Jumamosi.

Na kwa vitabu. Hapa naomba mnisikilize vizuri, ninyi mnaoficha madaftari chini ya godoro. Reli ya kwanza duniani kuokolewa na watu wa kujitolea ni Talyllyn, Wales, mwaka 1951. Ilikuwa reli ndogo ya kubebea mawe ya kuezekea, mwenyewe amefariki, kila mtu anangojea ifungwe. Aliyeita watu mkutanoni alikuwa mwandishi, L. T. C. Rolt. Halafu akaja kujitolea kasisi mmoja, Wilbert Awdry, ambaye alishaanza kuwaandikia watoto hadithi za injini zinazosema. Akaichukua Talyllyn, akaibadilisha jina, akaitia kitabuni mwaka 1955. Hadi leo reli nyingi za ukumbusho kule huingiza hela nzuri siku zile injini yake Thomas anapokuja kutembelea watoto. Injini ya hadithi inawalipia mafundi wa injini za kweli!

Sasa rudi kwetu. Meli ya Graf von Götzen, hii tunayoiita Liemba, ilitoka Ujerumani imefunguliwa vipande ndani ya masanduku 5,000, ikapakiwa kwenye reli yetu, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mwingereza Forester akaipatia wazo la riwaya mwaka 1935, Hollywood wakatoa filamu mwaka 1951. Mwaka 2007 Alex Capus naye akatoa riwaya yake kwa Kijerumani. Wamevuna wote hao. Nairobi, kwenye makumbusho ya reli yaliyofunguliwa mwaka 1971, watu wanalipa kiingilio na kuonyeshwa behewa ambamo mzungu Ryall alikamatwa na simba pale Kima mwaka 1900. Mzungu mmoja kuliwa na simba, na behewa linaingiza hela mpaka leo.

Na wale walioliwa na mkonge? Buha nzima, Kasulu na Kibondo, Mwingereza aliigeuza ghala la nguvukazi. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kuandikisha watu, SILABU. Vijana wa umri wetu waliandikishwa, wakapewa namba, ndiyo maana wakaitwa manamba, wakasafirishwa mpaka mashambani Tanga na Morogoro. Hiyo ndiyo reli yetu. Anayesema ni historia ya mkoloni, kwa hiyo ife, amesahau nani aliyebeba mataruma begani. Makuli wa bandari ya Zanzibar walimpata Adam Shafi, akawaandikia Kuli. Manamba wa Buha bado wanangoja zamu.

Kwa hiyo hoja yangu ni ndogo. Tusidai kilomita zote zaidi ya elfu moja zitunzwe, hazitunziki. Kipande cha Kigoma–Uvinza kinatosha, treni moja mwisho wa juma. Mtalii apate behewa lake la starehe, alipe bei ya starehe. Nyuma yake lifungwe behewa la daraja la tatu, mama wa mawese na wa migebuka wakae kwa nauli ya kawaida, maana treni isiyo na wenyeji ni kisanduku cha maonyesho tu. Uvinza kuna chumvi ya karne na karne, kuna cha kushuka kutazama. Stesheni ya Kigoma itengewe chumba cha manamba, chenye kiingilio na vijitabu vya kuuza. Na sehemu ya mapato iandikwe kwenye sheria kwamba inapanda mlima hadi maktaba za Kasulu na Kibondo, isiishie yote Dar.

Mtasema serikali haitusikii. Labda. Ila vijitabu haviandikwi na serikali. Walioandikishwa miaka ya 1950 sasa wana miaka themanini na ushee, na kila masika tunazika wengine. Mwenye babu wa namna hiyo aanze naye wiki hii: alipandia kituo gani, njiani alipewa chakula gani, shamba lilikuwa la nani, na namba yake ilikuwa ngapi.