Rekodi za wagonjwa Kismayo: Kwa nini mtaalamu mshauri aanze na jina la Mbajuni

Kliniki inapoamua kuacha madaftari na kuhifadhi taarifa za wagonjwa kwenye kompyuta, swali linaloulizwa mwanzo huwa ni programu ipi itumike na kwa gharama gani. Kwa kliniki ya Kismayo inayowahudumia Wabajuni, wawe wakazi wa mjini au wanaovuka kwa mashua kutoka Koyama, Chovai na Chula, lipo swali linalotangulia: mgonjwa akirudi baada ya miezi sita, je, karani wa mapokezi ataipata rekodi yake?

Jibu hutegemea sana mtaalamu mshauri atakayeajiriwa kusimika mfumo huo, na masharti yatakayoandikwa katika mkataba wake.

Jina moja, tahajia mbili

Tangu mwaka 1972 Kisomali kimekuwa kikiandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini. Katika tahajia hiyo, herufi C na X huwakilisha sauti mbili zinazofanana na ain na ha ya Kiarabu. Hivyo jina Omar Ali Hassan, kama linavyoandikwa kwenye cheti cha Lamu au Mombasa, huwa Cumar Cali Xasan mkononi mwa karani aliyesoma kwa Kisomali. Mtu anayeyajua mazingira hayo atatambua kuwa jina ni lile lile. Kompyuta isiyoelekezwa itahesabu wagonjwa wawili, mmoja kwenye O na mwingine kwenye C.

Majina ya mahali nayo hayatulii. Chula huandikwa pia Jula, na Chovai huonekana kama Jofay. Kwa asiye na cheti cha kuzaliwa, makarani wa nchi nyingi hujaza tarehe 1 Januari, na tarehe hiyo ikishatumiwa kwa watu wengi haiwezi tena kumtofautisha mmoja na mwenzake.

Hatari yake ni ya kitabibu. Ikiwa onyo kwamba mgonjwa hudhuriwa na penisilini limeandikwa katika rekodi ya kwanza, na daktari wa zamu akafungua ya pili, onyo hilo ni sawa na kwamba halikuandikwa.

Tiba ya tatizo hili si ghali. Mfumo unaweza kupangwa ukubali tahajia zaidi ya moja kwa mgonjwa mmoja, uhifadhi jina la mama, ambalo tayari limo katika pasipoti ya Somalia, na umpe kila mgonjwa kadi yenye namba. Lakini lazima mtu ayafikirie haya kabla ya usajili kuanza, kwa sababu kuunganisha rekodi zilizokwisha gawanyika ni kazi ngumu na ya hatari.

Mafunzo kutoka Kenya

Mwaka 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kutumia mfumo wa kompyuta uliobuniwa kwa mazingira ya kijijini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa muda ambao mgonjwa alikaa kituoni ulipungua kwa asilimia 22, na muda wa kusubiri kwa asilimia 38. Kazi iliyoanzia hapo ilichangia kuzaliwa kwa OpenMRS, programu isiyolipiwa leseni ambayo sasa hutumika katika nchi nyingi.

Maana yake kwa mwenye kliniki ni kwamba fedha nyingi zaweza kuelekezwa katika kusimika, kufundisha na kutengeneza. Mshauri anayesisitiza programu ya bei kubwa anapaswa kueleza sababu, na kutamka wazi kama yeye mwenyewe hulipwa na muuzaji wake.

Ipo pia tofauti inayosahauliwa. DHIS2, mfumo wa takwimu uliotokana na Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumiwa na sekta ya afya ya Somalia, kwa kawaida hueleza ni wagonjwa wangapi waliotibiwa malaria, bila kumfuatilia fulani na matibabu yake. Uzoefu katika huo wa kwanza hauthibitishi ujuzi wa huu wa pili.

Rekodi ni mali ya nani?

Kenya inatoa onyo jingine. Mwaka 2025 ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ilieleza kuwa mfumo wa kidijitali wa bima ya afya ya jamii, wenye thamani ya takriban shilingi bilioni 104.8, haukuwa mali ya serikali. Kama dola inaweza kujikuta katika hali hiyo, kliniki yenye vyumba vinne haina budi kuwa makini zaidi.

Somalia ilipitisha sheria ya ulinzi wa data mwaka 2023. Hata hivyo, uhusiano kati ya Mogadishu na Jubaland ulivunjika Novemba 2024, na mwezi uliofuata majeshi yao yakapigana Ras Kamboni. Katika hali kama hiyo, mkataba wa kliniki wenyewe ndio kinga ya karibu.

Kwa Wabajuni, kinga hiyo inahusu pia safu ya ukoo katika fomu. Nchi ambayo imegawana madaraka kwa mfumo wa 4.5, ambamo jamii za wachache huhesabiwa nusu, haikosi watu wa kuitumia vibaya orodha ya nani ni nani. Daktari hahitaji ukoo ili kutibu homa. Safu hiyo iondolewe.

Hadidu za rejea zitamke mambo mengine manne: data ni ya kliniki na itatolewa yote mkataba ukiisha, mfumo ufanye kazi intaneti na umeme vinapokatika, nakala ya akiba iwekwe mahali pengine, na maswali ya usajili yaweze kuulizwa kwa Kiswahili. Somalia imekuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Machi 2024, na Kiswahili ni lugha rasmi ya Jumuiya hiyo, lakini hadhi hiyo haifiki kwenye meza ya mapokezi pasipo mtu kuiagiza.

Kabla ya kutia saini, mwenye kliniki anaweza kufanya jaribio dogo. Achague majina ishirini kutoka daftari la zamani, bila maelezo ya ugonjwa, amwombe mshauri ayasajili kwa tahajia moja na kuyatafuta kwa nyingine. Yasiyopatikana yatamwonyesha ni wagonjwa wangapi ambao mfumo huo ungewapoteza.