"Uhuru wa Watumwa": Kitabu Kizuri, Lakini Ni Nusu



Sisi walimu wa huku Mununga, kando ya Ziwa Mweru, hatuna vitabu vingi vya historia vya kuwasomea watoto. Kwa hiyo nilipokipata kitabu cha James Mbotela, "Uhuru wa Watumwa", kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1934, nilifurahi. Niliwasomea jioni watoto wa wavuvi, ambao Kiswahili wamekizoea kutokana na wenzetu wa upande wa Kongo.

Lugha yake ni nyepesi, na mateso ya Wayao waliotekwa na kupelekwa pwani yanasimuliwa vizuri. Mbotela alikuwa mtoto wa mtumwa aliyeachwa huru. Watoto walitulia kimya. Habari hizo si ngeni kwao, kwani misafara ya pembe na watumwa ilipita huku huku. Mwaka 1867 Tippu Tip alimshinda Nsama, chifu wa Watabwa, akachukua pembe zake.

Hata hivyo, tulipofika mwisho sikuridhika. Manowari ya Waingereza inakamata jahazi, watumwa wanapelekwa Frere Town, Mombasa, na sifa zote zinakwenda kwa Mwingereza. Mtoto mmoja akaniuliza: "Mwalimu, na watumwa wenyewe walifanya nini?"

Hapo ndipo penye kasoro. Ni kweli kwamba manowari zilikamata majahazi. Lakini wengi waliolimishwa mashamba ya pwani hawakungoja manowari. Walitoroka, wakajenga vijiji vyao wenyewe kama Fuladoyo. Wengine wakakimbilia Rabai. Tena soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali Unguja mpaka 1897, na katika pwani ya Kenya mpaka 1907, huku bendera ya Mwingereza ikipepea.

Ndugu, msiseme hiki ni kitabu cha watoto tu. Mtoto anayefundishwa kwamba uhuru huletwa na meli ya mgeni, akikua atangoja nyongeza ya mshahara iletwe na huruma ya tajiri. Babu zetu wengi wa Luapula walikwenda kufanya kazi migodini. Mwaka 1935 wachimba migodi wa Mufulira, Nkana na Luanshya waligoma kupinga kodi. Sita wakapigwa risasi Luanshya wakafa. Mwaka 1949 Waafrika wa migodini wakaunda chama chao wenyewe. Hawakuletewa na manowari.

Sisemi kitabu kitupwe. Kisomwe, lakini mwalimu akikifunga asinyamaze: awaeleze watoto habari za watoro na za wagomaji. Na sisi wenye chaki mkononi tuwaendee wazee wa hapa ziwani wangali hai, tuandike wanayoyakumbuka. Nusu iliyobaki ya hadithi hii ni kazi yetu.

Mwalimu, Mununga