Karao anayejua kuuliza hahitaji kupiga

Kila mtaa una yule msee ambaye kila mtu anajua ndiye hupora watu simu pale stejini giza likiingia. Mama mboga anamjua. Watu wa boda wanamjua. Hadi watoto wa shule ya msingi wanamjua. Wenye hawamjui ni polisi pekee, na kituo kiko dakika kumi kwa miguu.

Si ati watu wanampenda mwizi. Ni kwamba ukienda kumripoti, unaulizwa kwa sauti pale kaunta mbele ya kila mtu, na kabla ya usiku mwizi ashajua nani alimtaja. Kwa hivyo tunanyamaza.

Msimamo wangu ni huu: karao wetu wanahitaji kufunzwa kukusanya taarifa za uhalifu kuliko wanavyohitaji magari mapya na bunduki. Na nikisema intelijensia, usiwaze filamu. Kazi yenyewe ni ya polepole sana. Ni kusikiliza, kuandika, kulinganisha, kuhakikisha, halafu kumlinda aliyekwambia.

Chukua mfano. Mtu anamvuta afisa pembeni na kumwambia, "Yule kijana wa rasta hapo ploti ya pili ndiye hukodisha bunduki." Afisa ambaye hajafunzwa anaita lori na kuzoa vijana wote wa base. Aliyefunzwa anajiuliza maswali mawili tofauti: huyu anayeniambia anaaminika kiasi gani? Na hiki anachosema kina ukweli kiasi gani? Kuna mfumo uliotoka kwa jeshi la wanamaji la Uingereza ambao bado unatumika sehemu nyingi: chanzo kinapewa herufi, A hadi F, na habari inapewa namba, 1 hadi 6. Kwa nini zitenganishwe? Juu mtu mwaminifu anaweza kuwa amedanganywa, na mwongo anaweza kusema ukweli siku moja. Ukiuliza zaidi, unaweza kupata kosa la yule wa rasta ni kuchukua dem wa aliyemtaja. Hiyo alama ndogo kwa karatasi inaokoa watu kumi wasilale seli.

Mahojiano nayo yana ufundi wake. Mwaka 1975 Uingereza iliwafunga maisha wanaume sita kwa mabomu yaliyoua watu 21 Birmingham. Baadhi yao walikuwa wamekiri, na walisema walipigwa ndio wakakiri. Waliachiliwa 1991, baada ya miaka 16. Hadi leo hakuna mwingine amehukumiwa kwa mauaji hayo. Kipigo kiliwapa polisi jibu, lakini halikuwa jibu sahihi. Kesi kama hizo ndizo zilifanya polisi wa huko, mwanzoni mwa miaka ya 1990, waanze kufunzwa mahojiano upya: jiandae, muelezee mtu kinachoendelea, muache asimulie, kisha linganisha na ushahidi ulio nao. Kwetu pia, Kifungu cha 50 cha Katiba kinasema ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki utatupwa nje ikiwa utaharibu usawa wa kesi. Kwa hivyo karao anayepiga anaweza kuwa anamsaidia mwizi kutoka.

Najua mtanijibu: "Buda, hao wamefunzwa tayari. Shida ni roho." Kuna ukweli hapo. Special Branch ya enzi za Moi ilijua sana kukusanya taarifa, na watu waliteswa vyumba vya chini vya Nyayo House. Juni 2016 wakili Willie Kimani, mteja wake wa boda na dereva wao waliuawa. Waliohukumiwa ni polisi watatu pamoja na raia mmoja, informa wa polisi. Na Juni 2025 Albert Ojwang alitolewa Homa Bay hadi Nairobi juu ya posti, akafa mikononi mwa polisi. Uwezo wa kutafuta mtu upo. Swali ni unatumika kumtafuta nani.

Ndio maana sisemi mafunzo pekee. Afisa mwenye ujuzi lakini hana wa kumuuliza ni hatari kuliko asiye na ujuzi. IPOA lazima iwe na meno, na kila informa asajiliwe ndani, asimamiwe na afisa anayejulikana, asiwe rafiki wa kutumwa usiku. Lakini pia uangalizi pekee hautoshi. Ukimwambia mtu aache kupiga na hujamfundisha njia nyingine ya kupata ukweli, akipewa presha ya kufunga kesi atarudi kwa ile anayojua.

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo siwezi kuwahubiria kuhusu vyeti. Kozi ya wiki moja ya kupiga picha na wakubwa haitatusaidia. Nataka yule konstebo wa kaunta, ambaye mamako atakutana naye kwanza, ajue kumpeleka kando, kumsikiliza na kuficha jina lake. Kifungu cha 244 kinataka polisi wafunzwe kwa kiwango cha juu kabisa cha umahiri na uadilifu, na waheshimu haki za binadamu. Katiba ni ya 2010. Tumengoja vya kutosha.

Tukienda barabarani huwa tunasema waache kutuua, na tuendelee kusema hivyo. Tuongeze na hili: wafundishwe kazi, na tuonyeshwe wamefundishwa nini.

Sasa nijibu kwa ukweli. Ukijua leo usiku nani alimvunjia jirani yako nyumba, kuna karao hata mmoja ungempigia simu?