Kupandishwa Daraja kwa Kinanda

Imezuka rai Visiwani, nayo hutembea baraza kwa baraza kana kwamba haina haja ya hoja. Husemwa kuwa kikundi cha taarab, au skuli, au nyumba ya mwenye nafasi iliyozowea kinanda cha umeme, ikijaaliwa fedha, hatua ya heshima ni kukiweka kando kile cha plastiki na kuleta piano ya wima ya daraja la juu. Hutajwa Steinway, hutajwa Bechstein na Bösendorfer, na wenye kujua kiasi hutaja Yamaha. Pemba nayo, wasema, hadi lini ibaki nyuma? Rai hii ina nusu ya ukweli ndani yake, na ni nusu hiyo iifanyayo kuwa na hatari, kwani uongo mtupu haumpotezi mtu mwenye akili.

Nusu yenyewe ni hii. Anayehama kutoka kinanda cha umeme kwenda piano ya kweli hahamii sanduku la fahari tu. Ndani ya piano ya wima mna nyuzi zipatazo 220, zimevutwa juu ya fremu ya chuma cha kumimina kwa nguvu ipitayo tani 15 zikijumlishwa zote. Kila kibao, na vibao ni 88, hurusha nyundo iliyovikwa sufi ya kondoo iliyoshindiliwa. Nyundo hugonga uzi, uzi huutikisa ubao wa sauti, na ubao huo huijaza nyumba. Kidole kikigusa kwa huruma husikika huruma, kikigusa kwa hasira husikika hasira. Tena urefu wake si pambo. Piano ya sentimita 131 au 132, mfano wa Bechstein Concert 8 au Steinway K-52, ina nyuzi ndefu za sauti nzito na ubao mpana kuliko ile ya sentimita 110, na sikio lisilofundishwa hata siku moja huitambua tofauti. Mwenye kuyakana hayo hajapata kukaa mbele ya ala hiyo.

Wapo wanaoipinga piano kwa hoja ya ugeni, na hao hawana budi kuwekwa upande mapema, maana huiharibu kesi nzuri kwa ushahidi mbovu. Ugeni gani? Husimuliwa kuwa Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyempeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze ganuni. Ikhwani Safaa, kilichoasisiwa 1905, kiliagiza ala zake ng'ambo. Fidla imetoka Ulaya, akodioni imetoka Ulaya, chelo kadhalika, na hakuna leo anayeziuliza pasipoti. Lugha yenyewe imekwisha kutoa hukumu: neno kinanda limekibeba chombo cha nyuzi cha watu wa kale wa pwani, likabeba ala ya kanisani, likabeba hata sanduku la santuri, wala halikulalamika. Pwani haikuzowea kuuliza chombo kimetoka wapi. Iliuliza kama kitafuata wimbo.

Na hilo ndilo swali ambalo wapenzi wa piano hawataki kuulizwa.

Piano ina sauti kumi na mbili katika kila mpando, basi. Baina ya kibao cheupe na cheusi chake hamna kitu. Maqamu ya bayati inayoanzia re huitaka sauti yake ya pili ikae hapo hapo pasipo na kitu, juu kidogo ya mi bemoli, chini kidogo ya mi. Rast huitaka mi hiyo hiyo na si hiyo hiyo. Sika huanzia kwayo. Mwimbaji aliyelelewa katika nyimbo hizi huishika sauti hiyo bila kujua jina lake, kama mtoto ashikavyo ngeli za Kiswahili kabla hajasikia kuwa kuna kitu kiitwacho ngeli. Fidla humfuata, kwa kuwa haina vizuizi shingoni. Udi humfuata kwa sababu hiyo hiyo. Ganuni, yenye nyuzi zaidi ya sabini zilizopangwa tatu tatu, humfuata kwa vijiwashio vidogo vya shaba vinyanyuliwavyo na kulazwa kwa kidole wimbo ukiendelea. Piano haimfuati. Humngoja kibaoni, na mwimbaji asipokwenda hapo husikika yeye ndiye aliyekosea.

Nahawandi itapita, ajam itapita; hilo ni haki likubaliwe. Atasema mtu, na akodioni je, mbona nayo ina vibao na imo katika taarab kwa miongo? Imo, na huko Misri mafundi walizikwangua ndimi zake za chuma ili zitoe robo sauti. Ala ya kubebwa kwapani hufanyiwa hivyo mezani kwa tupa. Atasema mwengine, basi nyuzi za piano zilinganishwe upya. Zinaweza. Ikishalinganishwa kwa bayati ya re piano hiyo haitapiga nahawandi ya pale pale jioni ile ile, na kila kuivuta na kuilegeza ni kuichosha. Si fikra mpya hata kidogo. Mwaka 1932 Mfalme Fuad aliitisha mjini Cairo kongamano la muziki wa Kiarabu, Bartók akiwa miongoni mwa waliokwenda, na katika kamati ya ala piano ilizusha mzozo mkubwa. Ajabu ya mzozo ule ni safu zake. Wamisri kadhaa waliitaka kwa jina la maendeleo, na Wazungu, akiwamo Curt Sachs, mjuzi wa ala kutoka Ujerumani, ndio waliosema itauua muziki wanaotaka kuuendeleza. Piano za robo sauti zilikwisha kuundwa na zikaoneshwa, na baadaye Abdallah Chahine wa Beirut akahangaika miaka mingi na piano yake ya mashariki. Mabingwa wakubwa, fedha si haba, nia safi. Na leo okestra za Cairo hazina hata moja kati ya hizo jukwaani. Wapemba wanaombwa wairudie safari ambayo wenyewe walioianza wameiacha njiani.

Hapa pana kichekesho kinachostahili kukaliwa kitako. Kile kinanda cha plastiki kinachodharauliwa, kile kinachotakiwa kutupwa ili daraja lipande, mara nyingi kinaweza bayati. Yamaha na Korg wamekuwa wakitengeneza kwa ajili ya soko la Waarabu vinanda vyenye vitufe vya kushusha sauti yoyote kwa robo. Mpigaji hubonyeza kimoja kwa mi, kimoja kwa si, na rast imekaa mahali pake. Ala ya bei ndogo hufika ambapo ala ya dola zaidi ya 40,000, ambayo ndiyo bei ya Steinway K-52 mpya huko Marekani, haifiki milele. Kwa hesabu ya Pemba hizo ni tani kadhaa za karafuu kavu: mikarafuu ya watu wangapi iliyopandwa na watu wangapi, ikachumwa, ikachambuliwa vikonyo, ikaanikwa majamvini, kisha ikageuka sanduku lisilojua bayati!

Jambo hili lisidhaniwe kuwa ni ugomvi wa mafundi wa ala peke yao. Taarab ni shairi kabla haijawa muziki. Siti binti Saad, ambaye sauti yake ilitiwa katika santuri Bombay mwaka 1928, alipendwa kwa maneno yaliyosikika neno neno, na ala zilikaa chini ya maneno. Mizani ya nane kwa nane humpa mwimbaji pumzi. Mwisho wa kipande, kwenye kina, huvuta silabi, huizungusha, huiteremsha kwa ngazi ndogo ndogo, na katika mteremko huo ndimo msikilizaji anapopata wasaa wa kuonja fumbo. Ngazi hizo ndogo zikiondolewa mteremko hugeuka kuruka. Silabi hukatwa, wimbo hutaka mwendo wa haraka ili kuficha pengo, na mtunzi naye, kwa kuwa hana mahali pa kuvuta, huacha fumbo na kuandika matusi yaliyo wazi. Waliofuatilia taarab ya kisasa tangu miaka ya 1990 wanajua kuwa hadithi hii haikubuniwa. Lawama hutupiwa vijana na kukosa kwao adabu. Sehemu ya lawama, na si ndogo, ni ya vinanda vilivyopigwa kama vilivyotoka boksini. Kisiwa kilichowazaa Kamange na Sarahani, ambao mashairi yao yalihaririwa na Abdilatif Abdalla katika kitabu kilichotoka 2011, kina la kupoteza hapo kuliko pengine.

Ama piano kwa muziki wake yenyewe, hiyo ni kesi nyengine. Mtoto wa Wete akiwa na shauku ya Bach au Chopin, na mzazi wake ana uwezo, ni nani wa kumkataza? Hutajwa Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja wa 1946, kama kwamba hewa ya Mji Mkongwe ndiyo iliyompa piano. Aliipata masomoni Panchgani, India, kwa mwalimu na mazoezi. Anayechagua kwa ajili ya mtoto wa namna hiyo na achague kwa macho makavu. Jina lililoandikwa kwa dhahabu si la kuangaliwa kwanza. Kwanza ni hewa. Watengenezaji huitakia piano unyevu wa kiasi cha asilimia 40 hadi 60, na Pemba wakati wa masika hupita 80 bila kutoa jasho. Ubao wa sauti huvimba, sauti hupanda. Kaskazi likikauka huanguka. Sufi ya nyundo hunyonya maji, vibao hunata, chumvi ya bahari hula nyuzi, na mchwa hahitaji mwaliko. Wazungu wa enzi ya ukoloni walilijua hilo, wakaagiza piano maalumu za nchi za joto, ambazo viungo vyake vilikazwa kwa skurubu za shaba pasitegemewe gundi tupu. Leo anayeuziwa piano ya daraja la juu haulizwi itakaa wapi.

Inafaa pia aikumbuke hadithi ya Yamaha U1 na U3 zilizotumika, ambazo Japani imeziuza nje kwa wingi. Yamaha iliwahi kuwatahadharisha Wamarekani kuwa piano zilizokaushiwa mbao kwa ajili ya hewa nyevu ya Japani hupasuka katika nyumba kavu za Marekani. Tahadhari hiyo, ikigeuzwa upande wa pili, humwambia Mpemba neno jema: kwake yeye U1 ya sentimita 121 iliyotunzwa vyema ina akili zaidi kuliko Mjerumani mpya wa bei mara nne. Bado atahitaji mlinganishaji mara mbili kwa mwaka, ambaye hapatikani Chake Chake kama apatikanavyo fundi wa baiskeli, ila avuke bahari kwa nauli na malazi ya mwenye piano. Bado atahitaji mashine ya kukausha hewa ikiwaka usiku na mchana. Wasifuo piano kwa kuwa haitaki umeme wangeihesabu mashine hiyo, maana hata baada ya waya wa chini ya bahari kufika kutoka Tanga mwaka 2010 umeme haujawa wa kuaminiwa kiasi hicho.

Kikundi cha taarab hakina mtoto wa Chopin. Kikiwa na fedha za robo ya piano moja, kinaweza kupata ganuni na nyuzi zake za akiba, fidla mbili, udi, na mwaka mzima wa mwalimu. Walimu hawajaisha: Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa Unguja 2002, kimewafunza vijana ganuni na udi, na Rajab Suleiman ameonesha mbele ya walimwengu ganuni ya Unguja inaweza nini. Safari ya boti kutoka Mkoani ni ya saa chache.

Na hata ganuni isipopatikana mwaka huu, kinanda kilichopo kisitupwe. Kiangaliwe kwanza nyuma ya orodha za midundo, mahali palipoandikwa habari za kulinganisha sauti. Kitufe kipo, na katika vinanda vingi hakijaguswa tangu siku kilipotolewa boksini.